Uzi wa Marehemu Mwamvita

Gongoni, Tabora
9 Machi 1976

Mume wangu Yahaya,

Shikamoo. Huku nyumbani wote wazima. Mwanao mdogo ameng'oka jino na anataka baba yake, Bwana Nyuki wa Ipole, ajue kabla ya mtu mwingine yeyote. Hayo ndiyo mema. Sasa nisikilize.

Juzi mama yako aliniletea chungu kingine cha dawa. Ni mizizi, sijui ya mti gani, imechemshwa mpaka maji yamekuwa kama wino. Nilikunywa. Usiku nikatapika, na asubuhi nikaenda kufundisha watu wazima kusoma huku tumbo linanguruma. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Mwalimu, huyo anayenguruma humo ni mtoto au ni njaa?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikageuka kufuta ubao ambao ulikuwa hauna kitu.

Mama hanitukani. Afadhali angenitukana. Wageni wakija anasema tu, "Mkamwana wangu marehemu Mwamvita alimzalia Yahaya watatu," na wageni wananitazama tumbo. Mwaka wa tatu huu wa ndoa yetu. Watoto wa Mwamvita nawapenda na wananiita mama, lakini hao hao ndio ushahidi wa kila mtu kwamba mbovu ni mimi.

Nakuomba twende hospitali tukapimwe wote wawili. Nilikwambia hivyo ulipokuja mwezi uliopita, ukainuka ghafla ukasema unakwenda kukagua mizinga. Mizinga gani, Yahaya, hapa Gongoni?

Baba ameandika kutoka Lusu. Anauliza kama aje kunichukua. Sijamjibu, nasubiri jibu lako. Nataka mtoto. Nataka pia kujua. Nikikosa la kwanza, la pili sikubali kulikosa.

Mkeo,
Nyamizi


Ipole
17 Machi 1976

Mke wangu Nyamizi,

Barua yako nimeisoma msituni, na nikaisoma tena nyumbani. Mwambie mdogo kwamba jino nimeliandika katika shajara yangu pamoja na tarehe.

Usinywe tena chungu chochote. Mama akikulazimisha, mwambie nimekataza mimi.

Jambo lenyewe ni hili, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako. Mimi nilifungwa. Ilikuwa mwaka 1969, kabla sijakujua. Mwamvita alijua, mama hajui. Kwa hiyo tatizo haliko kwako na halijawahi kuwa kwako. Nilitakiwa kukwambia kabla ya ndoa, nikashindwa.

Nimesikia kwamba Dar es Salaam yuko mtu anayeweza kunifungua. Nimeomba likizo, nitaondoka mwishoni mwa Aprili. Watu wakiuliza, sema nimekwenda kwenye semina ya asali.

Mjibu baba yako kwamba asije. Ngoja kwanza.

Mumeo,
Yahaya Mfaume


Lusu, Nzega
4 Aprili 1976

Mume wangu,

Nimelia kwa furaha. Usicheke. Miaka yote hii nimekuwa nikilitazama tumbo langu kama mwizi aliyejificha nyumbani mwangu, kumbe mwizi yuko nje.

Lakini kwa nini ubebe mzigo huo kimya kimya? Mtu kufungwa na wabaya si aibu yake, ni aibu ya aliyemfunga. Na kwa nini uende mpaka Dar es Salaam kumtafuta wa kukufungua, wakati sisi Lusu tunao ambao watu wanatoka Shinyanga kuwafuata? Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi, nikamweleza baba kila kitu.

Baba yupo, ingawa kijiji hiki kipya cha ujamaa hajakizoea. Nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na ng'ombe wake jioni wanarudi kule kwenye boma la zamani. Aliposikia habari zako aliacha kunung'unika akasema, "Mkwe wangu kumbe ni mgonjwa, si mkorofi." Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa mfumu, mganga wetu mzee. Alipasua kifaranga, akasoma ya ndani. Akasema umefungwa kwa uzi, na aliyeufunga ni mwanamke ambaye sasa yuko kaburini. Alifanya hivyo ili usizae na mwingine. Uzi wenyewe umebaki kwa ndugu yake wa damu.

Sikumtajia jina la mtu, Yahaya. Alisema mwenyewe.

Kwa hiyo keshokutwa mimi na baba tunakuja Tabora kwa Kuluthumu, dada wa marehemu. Tutamwomba uzi kwa heshima, bila ugomvi. Wewe tulia huko Ipole. Pengine hutahitaji kwenda Dar.

Mkeo mwenye furaha,
Nyamizi


Tabora
12 Aprili 1976

Shemeji Yahaya,

Mkeo alikuja hapa barazani kwangu na baba yake, nikiwa na wateja wawili na cherehani inakwenda. Wakasalimu vizuri sana, wakakaa, mzee akakohoa. Kisha mkeo akasema, "Dada Kuluthumu, tumekuja kuomba ule uzi."

Nikasema, "Uzi gani? Mimi ni fundi, nyuzi ninazo za kila rangi. Unataka upi?"

Akasema, "Ule ambao marehemu dada yako alimfungia mumewe."

Mbele ya wateja, shemeji. Dada yangu ametoka duniani kwa homa ya uti wa mgongo, ameacha watoto watatu, na leo anaitwa mchawi barazani kwangu na mke aliyeletwa kulala kitandani mwake. Niliinua ndoo ya maji ya kulowekea vitambaa, nikammwagia mkeo yote. Mzee Ngollo niliheshimu mvi zake, yeye alirushiwa matone tu.

Sasa mji mzima unasema Mwamvita alikuwa mchawi na mimi ndiye mrithi wake. Jana mteja mmoja amekuja kuchukua nguo yake kabla sijaimaliza.

Mimi najua kilichotokea Nairobi. Dada aliniambia, akaniapisha nisiseme. Nimekaa na kiapo chake miaka yote hii, lakini alikiomba ili kukulinda wewe, hakukiomba ili achafuliwe yeye. Hukufungwa na mtu. Ulikatwa, kwa hiari yako, ili dada yangu asife. Ni jambo la kiume kuliko mambo yote uliyowahi kufanya, na wewe umelionea aibu!

Ama useme wewe, ama nitasema mimi, nami nitasemea sokoni.

Shemeji yako,
Kuluthumu


Dar es Salaam
4 Mei 1976

Mke wangu Nyamizi,

Naandika nikiwa nimelala chali, kwa hiyo vumilia mwandiko. Nimefanyiwa upasuaji jana. Siko kwenye semina, na niliyemfuata huku si mganga, ni daktari. Sasa nitasema bila kutumia neno lenye milango miwili.

Mwamvita alipojifungua yule mdogo alitoka damu mpaka wauguzi wakaacha kunitazama usoni. Akapona. Daktari akatwambia, mimba nyingine itamuua. Alikuwa dhaifu mno kupasuliwa ili afungwe yeye. Mwaka huo nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya nyuki, na huko nikakatwa mirija miwili midogo inayopitisha mbegu za mwanamume. Ni kazi ndogo, hailazi mtu. Mwanamume anabaki kama alivyo kwa mambo yote, ila hatungishi mimba. Hiyo ndiyo "kufungwa" niliyokuandikia. Watu wa hospitali huiita kufunga uzazi. Nililichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa kweli na bado lilinificha. Nilijua unaweza kulielewa vingine. Nilitumaini utalielewa vingine.

Miaka mitatu baadaye uti wa mgongo ukamchukua Mwamvita. Nilipokuja kwenu Lusu kuposa, nilijiambia nitakwambia baada ya harusi. Baada ya harusi nikajiambia baada ya mavuno ya asali. Msimu ukaisha, ukaja mwingine.

Uzi upo, Nyamizi, ila si wa Mwamvita. Ni wa daktari huyu, mwembamba kuliko unywele, na jana amenishonea nao. Alizitafuta ncha za kila mrija, akakata sehemu yenye kovu, akaziunganisha. Kabla ya hapo nilimwuliza maswali niliyoyaandika kwenye treni, naye hakunipamba. Alisema watu wengi aliowashona, mbegu zao zimeonekana tena. Waliopata mtoto ni wachache kuliko hao. Kadiri miaka inavyozidi tangu mtu akatwe, ndivyo matumaini yanavyopungua, na yangu ni saba. Mbegu zinaweza kurudi zikiwa dhaifu, kwa sababu mwili umekwisha kuziona kama adui. Na njia ikifunguka, kovu linaweza kuiziba tena polepole. Lazima nipimwe mara kwa mara.

Nikamwuliza, "Ungekuwa wewe ungefanya?" Akajibu, "Mimi ningeanza kwa kumwambia mke wangu."

Kwa hiyo nakwambia. Kuluthumu hana kosa, marehemu hana kosa, wewe huna kosa.

Yahaya


Lusu, Nzega
6 Juni 1976

Bwana Yahaya Mfaume,

Barua yako iliachwa kwa mwenyekiti wa kijiji hapa Lusu, nilikorudi na baba baada ya yale maji ya Kuluthumu, nikaifuata. Nilimsomea baba yote, kwa Kinyamwezi, kwa sababu alipokwenda kuomba uzi alikwenda kwa ajili yako.

Aliposikia yote akasema, "Hapa kwetu dume akihasiwa kila mtu anajua. Hakuna anayempiga jike kwa kukosa ndama." Nilimweleza kwamba wewe hukuhasiwa, ni njia tu iliyokatwa. Akasema, "Sawa. Lakini jike amepigwa."

Nisikie vizuri. Ulichomfanyia Mwamvita nakiheshimu. Nimewaza usiku na mchana kama yuko mwanamume mwingine hapa Unyamwezi ambaye angekubali kisu ili mkewe aishi, sijampata. Ulichonifanyia mimi sikiheshimu. Ulikuja nyumbani mwezi wa pili ukakiona chungu mezani. Uliona mkono wangu ukikiinua. Ukasema, "Kunywa kidogo kidogo." Maneno yako hayo, Yahaya. Kidogo kidogo.

Nami nina langu. Nimemwita marehemu mchawi mbele za watu. Nilikuja Tabora juzi peke yangu, nikampigia Kuluthumu magoti barazani pale pale, nikiwa nimemtafuta na yule mteja aliyechukua nguo yake awepo asikie. Sikupita nyumbani kwako.

Kama unataka nirudi, masharti yangu si mengi. Mwambie mama yako mwenyewe, kwa mdomo, kwa maneno kama ya barua yako ya Dar, si kama ya ile ya Ipole. Kuluthumu awe amekaa pale. Wewe si mtu wa kuaminika ukiandika peke yako, kwa hiyo yeye aandike chini ya barua yako kama umesema au umezunguka.

Suala la mtoto tutaliongea baadaye. Sitaki kurudi kwa sababu ya mbegu.

Nyamizi binti Ngollo


Gongoni, Tabora
11 Julai 1976

Nyamizi,

Nimesema. Nakuandikia jioni hii hii kabla maneno hayajapoa.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Kuluthumu alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama hakimu. Nikasema, "Mama, vile vyungu vilikuwa vyangu kunywa."

"Vyungu gani?"

"Ulivyompa Nyamizi. Mimi ndiye nisiyezaa. Nilikatwa mirija Nairobi ili Mwamvita asife na mimba."

Aliuweka ungo chini. "Ulikatwa? Kama maksai?"

"Si kama maksai, mama. Hawakutoa kitu. Walikata njia tu."

"Mbona ndevu zinaota?"

"Ndiyo maana nasema si kama maksai."

Hapo Kuluthumu akacheka mpaka akajifunika khanga usoni, na mama akamkaripia, kisha naye akacheka kidogo, kisha akaanza kulia. Akaniuliza, "Na ukaniacha nimchemshie mtoto wa watu mizizi?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kama vile hakusikia mara ya kwanza. Nikasema ndiyo tena. Akainuka akaenda jikoni, akakitoa kile chungu, akakivunja kwenye kizingiti. Watoto walitoka mbio wakidhani ni nyoka.

Kipimo cha kwanza nimefanyiwa hapa Tabora. Hawakuona mbegu hata moja. Daktari alinionya kwamba mapema huwa hivyo. Nakwambia kwa sababu nimeamua kukwambia kila kitu, hata kisichopendeza.

Yahaya

Mimi Kuluthumu nimeshuhudia. Amesema yote, hakuzunguka. Rudi, mdogo wangu. Kile kitenge nilichokimwagia maji kilichuja rangi, nimekushonea kingine.


Lusu
25 Julai 1976

Yahaya,

Baba anamalizia kuezeka. Nikimaliza kumsaidia kukandika ukuta nitakuja. Usinifuate, njia naijua.

"Kidogo kidogo" usilitamke tena mbele yangu, hata kwa chai ya moto.

Nyamizi


Ipole
3 Novemba 1976

Mke wangu Nyamizi,

Wiki ile tuliyokuwa pamoja Tabora nilitaka sana habari hii iwe imefika, haikufika. Sasa imefika.

Nimetoka hospitali, na bwana wa maabara ameniita nitazame mwenyewe kwenye hadubini. Nimezoea kutazama vitu vidogo, utitiri kwenye nyuki, lakini hili sikuwa tayari nalo. Zipo. Si nyingi. Nyingine zimelala, nyingine zinazunguka mahali pamoja kama nyuki aliyelewa moshi, lakini chache zinakwenda mbele, moja kwa moja. Nilizitazama mpaka yule bwana akasema, "Mzee, na wenzako wanasubiri."

Amesema hii si ahadi. Nimemwambia najua, nimekwisha kuambiwa. Nilirudi Ipole nikiwa nimesimama nyuma ya lori la tumbaku na sikuhisi mashimo.

Wako,
Yahaya


Ipole
19 Aprili 1977

Mke wangu,

Nimepimwa jana, na leo asubuhi wakarudia kipimo kwa sababu niliwaomba. Hakuna. Ile Januari zilikuwa zimepungua, na sasa hakuna hata moja. Kovu limeziba njia, kama daktari alivyosema linaweza.

Nimemwandikia, naye bila shaka atasema upasuaji unaweza kujaribiwa mara ya pili. Lakini nimefikiri, na nadhani tuache. Umekwisha kuteseka kwa ajili yangu. Kila mwezi nilipokuja nilikuona ukihesabu siku bila kusema. Ukitaka kurudi kwenu ukaolewe na mtu ambaye hana kovu, nitakwenda mwenyewe kwa Mzee Ngollo, nitasema kosa ni langu, na sitadai kitu.

Kesho tunarina asali kwenye mizinga ya mto. Nitakuletea ile nyeupe.

Yahaya


Gongoni, Tabora
28 Aprili 1977

Yahaya wangu,

Barua yako nimeipokea na sehemu ya mwisho nimeikataa, isipokuwa asali.

Daktari nilikuwa nimemwandikia kabla yako, tangu Januari, mbegu zilipopungua. Usishangae. Nafundisha watu kuandika, nitashindwaje kuandika mwenyewe? Amenijibu kwa mkono wake. Anasema kushona mara ya pili kunawezekana, kwamba matumaini ni madogo kuliko ya kwanza lakini yapo, na kwamba hata njia ikikaa wazi tunaweza tusipate mtoto. Nimeyasoma yote hayo nikiwa nimekaa, nikayasoma tena nikiwa nimesimama. Nayakubali.

Unasema nimeteseka kwa ajili yako. Nilipoteseka ni pale nilipokunywa dawa ya ugonjwa ambao si wangu, nikidhani ni wangu. Hili la sasa nalijua lina sura gani. Kuhesabu siku ninajua kwa nini nazihesabu. Tukikosa, tutakuwa tumekosa wote wawili macho yakiwa wazi, nami nitabaki na watatu wanaoniita mama na mume asiyenificha kitu. Lakini hatujakosa bado, na mimi siachi kazi kabla haijaisha.

Jana yule jirani wa nyumba ya pili alikuja na chungu. Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Nikasikia anamwambia mama, "Bi Mwanamkuu, hii ya Urambo haijawahi kushindwa, mpe mkamwana wako."

Mama akasema, "Mkamwana wangu anaumwa nini?"

"Si ni lile la kizazi?"

"Kizazi chake ni kizima. Anayetibiwa ni Yahaya, anatibiwa na daktari, na chungu hakiingii huko alikoshonwa. Kamwage kwenye mgomba, na mgomba ukifa utanilipa mgomba wangu."

Nilikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukadondoka kwenye daftari la mtu.

Nimeomba likizo, nawe omba yako. Treni ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mama atakaanga kuku wa njiani. Watoto watakaa kwa Kuluthumu, ambaye amekushonea saruni pana ya kuvaa hospitali. Anasema uzi ni wake mwenyewe, na usithubutu kuuliza ni wa rangi gani.

Jambo moja tu. Yule karani wa tikiti pale stesheni ni mtu wa Gongoni, unamjua, hawezi kukata tikiti bila kuuliza mtu anakwenda wapi na kufanya nini. Mara hii hakuna semina ya asali. Utamjibu wewe, kwa sauti ya kawaida. Nami nitakuwa nimesimama ubavuni kwako na mizigo, nasikiliza.

Mkeo,
Nyamizi